Duka la Mashine za Boti, Funguni

Mteja analipa, anapewa risiti, anapewa na kahawa, lakini mashine hapewi. Ndivyo biashara ilivyokwenda katika duka la Ami yangu pale Funguni, nyuma kidogo ya bandari ya Malindi, mjini Unguja. Boksi lilibaki sakafuni mpaka Ami aione boti yenyewe kwa macho yake. Kama boti iko Mkokotoni, atakwenda Mkokotoni. Kama iko Kizimkazi, atapanda gari la shamba mpaka Kizimkazi, futi yake ya chuma mfukoni. Wateja wageni walikasirika, na si ajabu: mtu amekuja na fedha mkononi, pengine za kuuza ng'ombe au za upatu wa mkewe, halafu muuzaji anamwambia subiri. Waliomjua walikuwa wameshazoea. Wao walikuja na vipimo kabisa, wameviandika nyuma ya pakiti ya sigara, na bado Ami alikwenda kupima upya.

Nilikulia pale. Skuli ikifungwa mchana nilipita nyumbani kula, kisha nikaenda dukani, maana baba yangu alikuwa baharia wa meli za mbali na Ami ndiye aliyetulea. Chumba cha mbele kilikuwa cha kuuzia: mashine mbili tatu mpya zimesimamishwa kwenye magogo, kabati la vioo lenye vipuri, na meza ya mke wa Ami, ambaye mji mzima ulimwita Bi Mkubwa. Uwani ndiko kazi ilikofanyika. Huko palikuwa na banda la makuti, benchi lenye jiliwa, na pipa lililokatwa juu, limejaa maji baridi ya bomba, ambamo kila mashine iliyotoka baharini ilisimamishwa na kuwashwa ili ioshwe chumvi kabla fundi hajaigusa kwa spana.

Kilichompeleka Ami Mkokotoni na Kizimkazi ni ubao wa tezi, pale mashine inapobanwa. Mashine ndogo huja na mguu wa urefu wa aina mbili: mfupi, kwa ubao wa inchi 15 hivi, na mrefu, kwa ubao wa inchi 20. Juu ya propela pana bapa la alumini, na bapa hilo linatakiwa liwe sawa na chini ya boti, au lizidi kushuka kidogo tu. Mashine ikikaa juu, propela inavuta hewa: sauti inapanda ghafla na boti haisogei. Ikikaa chini mno, mguu unaburura maji, petroli inakwisha bure, na siku ya maji kupwa ndio utakaotangulia kugonga mwamba.

Haya yote yamo katika kijitabu kinachokuja na mashine. Kijitabu hakisemi kwamba vyombo vyetu havikutoka kiwandani. Mashua ina tezi iliyokatwa, ubao upo, lakini pengine umelala nyuma kuliko alivyokusudia mwenye kuunda mashine. Dau limechongoka mbele na nyuma, ubao wa tezi halina. Mashine yake inakaa ubavuni, juu ya kipande cha mti kilichotolewa nje, na kila ikisukuma inataka kulizungusha dau zima. Ngalawa nayo ina matengo yake pande zote mbili. Basi Ami alikaa na mafundi wa Nungwi, watu ambao kuunda vyombo ni kazi yao tangu mababu, wakajadiliana juu ya kabari ya kuweka nyuma ya mashine ili isimame wima majini: iwe ya mti gani, ipunguzwe wapi. Nilimwona siku moja akimaliza mchana mzima juu ya kabari isiyozidi unene wa vidole viwili. Yeye na fundi wa Nungwi walinyamaza kwa muda mrefu, kila mmoja amechutama upande wake akiufuata kwa jicho mstari wa chini ya mashua, mpaka mmoja wao akanyoosha mkono kuchukua tezo. Sijapata kuona heshima kubwa zaidi baina ya wafanyakazi wawili, na hawakusifiana hata kwa neno.

Kisha propela. Kila propela imechongwa namba mbili: upana wake, na hatua yake, yaani inchi ambazo ingejisukuma mbele kwa mzunguko mmoja lau isingeteleza majini. Boti nyepesi inataka hatua ndefu. Mashua inayobeba saruji na magunia ya mkaa kwenda Tumbatu inataka hatua fupi, propela izunguke kwa wepesi isiichoshe mashine. Wateja waliotaka mwendo hawakuipenda habari hii, na Ami hakubishana nao. Aliwapakia botini pamoja na mizigo yao ya kila siku, watu na magunia, akawasha, akafungua mafuta yote, kisha akashikiza kwenye waya wa plagi kidude cha kuhesabu mizunguko. Zile mashine za Yamaha aina ya Enduro zinatakiwa zifike baina ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika zikiwa wazi kabisa. Isipofika 4,500, mashine imebebeshwa. Inaumia ndani kidogo kidogo na mwenyewe hana habari. Hapo Ami alitoa propela ya pili kutoka kikapuni, akaibadilisha pale pale maji yakimfika kifuani, na mteja akasikia tofauti kwa masikio yake mwenyewe.

Mashine za siku hizo zilikuwa za mipigo miwili: kila krenki ikizunguka mara moja, plagi inapiga cheche mara moja. Hazina vali kichwani, wala hazina oili ya peke yake. Oili inachanganywa na petroli ndani ya tanki, na hiyo ndiyo inayolainisha krenki, beringi na pistoni kabla ya kuungua na kutoka moshi. Ikipungua, pistoni inakwama. Ikizidi, plagi inalowa na kuwa nyeusi. Kipimo cha kawaida kilikuwa moja kwa hamsini, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Lakini kwa saa kumi za mwanzo, ringi zinapokuwa hazijakaa, oili huwekwa mara mbili, mililita 800. Ami alijifunza kazi kwenye zile Seagull za Kiingereza, za zamani zilizotaka oili moja kwa kumi na kuacha moshi na mafuta juu ya maji kila zilikopita, kwa hiyo kwake hamsini ilikuwa ni maendeleo makubwa.

Kuyafundisha haya ilikuwa kazi ya Bi Mkubwa. Alikuwa na vikombe vya bati vilivyotengenezwa na fundi bati wa Darajani, viwili kwa kila mashine, kimoja kimepakwa rangi nyekundu. Chekundu ni cha saa kumi za mwanzo. "Baba," alimwambia kila mteja, hata kijana mdogo, "ukishamaliza chekundu unirudishie, nina mwingine anakisubiri." Mteja akirudisha kikombe, huja na mashine yake, kwa sababu alishaambiwa aje nayo; na hapo Ami anamwaga oili ya giaboksi, anakaza boliti za kichwa upya, anatazama plagi. Ukaguzi wa kwanza ulifanyika kwa sababu ya kikombe cha bati. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba Bi Mkubwa alikuwa amelipanga hilo tangu mwanzo.

Kama kuna kitu kimoja ambacho Ami alikitumikia maisha yake yote, ni kipande cha mpira kinachotosha kiganjani: impela. Ni gurudumu dogo lenye mapezi sita, linakaa chini ya mguu wa mashine, juu ya giaboksi, ndani ya kikombe cha chuma, likizungushwa na ile shafti inayoteremka kwenda kuendesha propela. Linavuta maji ya bahari na kuyapandisha kichwani yaipoze mashine. Sehemu ya maji hayo hutokea nyuma kwa tundu dogo, mkondo mwembamba ambao nahodha yeyote aliyefundishwa vizuri hugeuka kuutazama mara tu mashine inapowaka, na tena kila baada ya muda. Mkondo ukikatika, zima. Mchanga wa maji machache hulikwangua gurudumu hilo. Kuwasha mashine nchi kavu, hata kwa zile sekunde chache za kumringia mnunuzi, hulichoma, kwa sababu maji ndiyo yanayolilainisha.

Ami aliufungua mguu huo kwa mpango uleule kila mara. Boliti zilitolewa na kupangwa juu ya gazeti kwa umbo la pale zilipokuwa, ili kila moja irudi tunduni mwake. Impela ikatoka. Aliishika kwenye mwanga wa mlango, akainamisha pezi moja moja kwa kidole gumba na kutazama shina lake, kwa sababu ufa huanzia hapo, wakati juu pezi bado linang'aa. Akakitafuta kile kijichuma kinachoifunga impela na shafti, chepesi kupotea mchangani, akakiweka mdomoni mwake mpaka atakapokihitaji. Impela mpya iliingizwa kwa kuzungushwa shafti taratibu kufuata upande wake wa kazi, ili mapezi yalale yote upande mmoja. Kisha akaizungusha tena kwa mkono, macho ameyafumba, akisikiliza mpira ukikwaruza ndani ya kikombe.

Lakini ustadi wake hasa ulionekana siku impela ilipotoka na pezi limekatika. Fundi wa haraka hutia mpya, akafunga, akalipwa. Ami alilitafuta lile pezi. Limo mahali fulani, alisema: limepanda na maji, limenasa katika njia za kichwani, na wiki ijayo litaiunguza mashine yenye impela mpya kabisa, na fundi atasema ni mkosi. Alilipuliza bomba la kupandishia maji, akafungua kichwa, akatia waya kwenye kila njia. Kama hakulipata mchana, alikaa mpaka magharibi, akaenda kusali, akarudi na taa. Mashine haikufungwa mpaka vipande vyote vya mpira vilivyopatikana vimepangwa juu ya gazeti na pezi zima limetimia. Wengine walimwona mtu wa kupoteza muda. Kwangu mimi, hapo ndipo tofauti ya fundi na mbadilishaji vipuri ilipo, na sijui namna nyingine ya kuieleza.

Maswali yalitangulia spana. Mteja akija analalamika, alikalishwa kwenye kiti cha plastiki, akaulizwa. Ilizimika ghafla, au ilikufa taratibu? Ghafla, mara nyingi ni umeme: plagi, koili, waya uliolika. Taratibu, ikikohoa, mara nyingi ni mafuta. Uliminya pampu ya mpira ikarudi uhai? Basi tutazame mpira wa mafuta, unaingiza hewa. Inawaka asubuhi na kugoma ikishapata moto? Petroli mlinunua wapi, na dumu lilikuwa la nini kabla yake? Baada ya hapo ndipo plagi zilipotolewa na kusomwa. Rangi ya udongo wa kahawia, mashine ina afya. Nyeusi ya kulowa, oili nyingi au cheche dhaifu. Nyeupe iliyokauka ilimfanya Ami akunje uso, maana ina maana moto umezidi na mafuta hayatoshi, na pistoni inaweza kutoboka. Mwisho alifungua skrubu ya chini ya giaboksi na kuacha matone machache yadondoke kiganjani. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia: sili ya shafti ya propela imeliwa, na pengine mwenye kuila ni uzi wa mshipi uliojizungusha pale bila mtu kuuona. Ami alimwekea mteja uzi huo mkononi, aende nao.

Adui wa kila siku alikuwa chumvi. Mwili wa mashine ni wa alumini, boliti ni za stenlesi, na madini hayo mawili yakikutana ndani ya maji chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Inageuka unga mweupe unaojaza nafasi baina ya nyuzi za boliti na kuikamata kabisa. Ndiyo maana chini ya mashine hufungwa kipande cha zinki, ili kiliwe chenyewe badala ya mwili. Na ndiyo maana mtu anayekipaka rangi kipande hicho kipendeze, kama nilivyoona mara nyingi, huwa ameilinda zinki na kuitoa mashine kafara.

Boliti iliyokamatwa na chumvi inamjaribu fundi. Ukiikaza spana kwa nguvu, kichwa kinakatika, na boliti inabaki ndani ya alumini laini. Kuitoa hapo ni kutoboa kwa drili, na drili ikiteleza umeharibu mwili wote. Ami alianza kwa kugonga: nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi juu ya kichwa cha boliti, ule unga upasuke. Akatia mafuta ya kupenya, akaiacha. Akaenda kufanya kazi nyingine. Akarudi, akagonga, akatia tena. Kesho yake alileta moto wa gesi, akaupasha mwili wa mashine pembeni ya boliti, si boliti yenyewe, kwa sababu alumini hutanuka kuliko chuma, na tundu likitanuka boliti inalegea. Halafu spana, na hapa nilimtazama kwa makini kila mara: hakuanza kwa kufungua. Alianza kwa kukaza, kidogo mno, mpaka asikie imesogea. Kisha akafungua robo. Kisha akakaza tena. Akaenda na kurudi hivyo, na unga mweupe ukimwagika kidogo kidogo kutoka kwenye nyuzi. Boliti moja siku mbili. Ilipotoka ilisuguliwa kwa brashi ya waya, ikapakwa grisi, ikarudishwa mahali pake, na fundi atakayeifungua baada ya miaka mitano ataikuta laini bila kujua nani amemfanyia wema huo.

Simu ya duka ililia asubuhi moja ya kusi. Nilikuwepo. Mvuvi wa upande wa Mkokotoni, mashine imewaponyoka baharini, wameipigia mbizi na kuiopoa.

"Iko wapi sasa?" Ami akauliza.

"Ufukweni, Mzee. Tumeifungua kifuniko, tumeianika jua."

"Irudishe majini, mwanangu. Sasa hivi. Tafuteni pipa la maji baridi, izame yote, uje nayo ndani ya pipa lake."

Yule mvuvi lazima alidhani mzee amechanganyikiwa. Lakini ndivyo inavyotakiwa. Chuma kilicholowa chumvi kinaanza kushika kutu pale kinapokutana na hewa. Kikiwa kimezama ndani ya maji baridi, chumvi inatoka na kutu inachelewa. Beringi za krenki ni chuma kilichosuguliwa laini, na tone moja la kutu juu yake linatosha kuiua mashine mwezi wa pili, wakati kila mtu ameshasahau kwamba iliwahi kuzama. Kabla hawajafika Ami alikuwa ameshaandaa mafuta ya taa, oili, plagi mpya na matambara makavu, na watoto wake wawili wa kiume wamesimama tayari. Lori dogo lilipoingia na pipa nyuma, swali la kwanza lilikuwa: ilikuwa inawaka ilipozama? Haikuwa. Alishukuru Mungu kwa sauti. Mashine inayozama ikiwa inaunguruma humeza maji, na maji hayabanwi. Pistoni ikiyakuta juu, fimbo inayoishika inapinda.

Walifanya kazi bila kuzungumza. Plagi nje, mashine ikalazwa matundu yakitazama chini, gurudumu la juu likazungushwa kwa mkono polepole, maji yakitoka kila pistoni inapopanda. Ami alikuwa ameweka vidole juu ya gurudumu akihisi kama kuna chembe ya mchanga inayokwaruza. Kabureta ikafunguliwa yote. Mafuta ya taa yakapita kila mahali, kisha oili ikamiminwa kwenye matundu ya plagi na kuzungushwa tena. Plagi mpya. Kamba ikavutwa mara nyingi bila jibu, na yule mvuvi akaanza kutazama chini, kisha mashine ikapiga moshi mweupe na kuwaka. Ami hakuizima. Aliiacha iungurume ndani ya pipa la uwani kwa zaidi ya saa nzima, ili joto lifukuze unyevu wote uliojificha ndani, na yeye akakaa karibu nayo muda huo wote akiongezea maji.

Hata ng'ambo, biashara hii ya mashine za boti iliwahi kuwa jambo la mume na mke. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway wa mwaka 1877 aliyehamia Marekani na familia yake akiwa mtoto, alianza kuuza mashine zake mjini Milwaukee mwaka 1909. Zilikuwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu, uzito wa kilo 28 hivi, na bei ya dola 62. Yeye alikuwa mtu wa karakana. Aliyeshika ofisi, hesabu, barua na matangazo ni mkewe, Bess. Afya ya Bess ilipodhoofu waliuza kampuni mwaka 1914. Miaka michache baadaye walirudi sokoni na mashine nyepesi zaidi iliyotumia alumini. Nilipoisoma habari hiyo nilimwona Bi Mkubwa mezani pake. Daftari lake lilikuwa na ukurasa kwa kila mashine iliyouzwa: namba yake, jina la chombo, nahodha, tarehe ya kila impela na kila plagi. Mvuvi akiingia mlangoni yeye alishajua kinachomleta. "Wewe impela yako ni ya kaskazi iliyopita," alisema, na kukitoa kipuri kabatini kabla hajaulizwa. Aliwakopesha watu wakati wa masika, bahari inapowafungia riziki, na aliandika deni kwa penseli.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, utalii ulipopamba moto, zikaja spidi boti. Boti nyeupe za faiba, zenye usukani wa mbele na mashine mbili nyuma, za kuwapeleka wageni Mnemba na Changuu. Sisi vijana tulizipenda mno, na Ami pia alizipenda, kinyume na walivyodhani watu. Alipokuwa akizijaribu mbele ya Forodhani jioni uso wake ulichanua. Mashine mbili zina kazi yake ya ziada. Lazima zifungwe zikiwa sambamba, ziitike mkono pamoja, na mlio wake uwe mmoja; zikitofautiana kwa mizunguko kidogo tu, hutoka mvumo unaopanda na kushuka, na Ami aliurekebisha kwa sikio, kifuniko wazi, bisibisi kwenye waya wa mafuta, mwanawe ameshika usukani. Aliwasisitizia waendeshaji jambo moja: kile kikamba chekundu cha kuzimia mashine kifungwe mwilini mwako. Nahodha akirushwa nje na boti ikaendelea peke yake, itazunguka na kumrudia yeye mwenyewe na propela.

Mashine zimebadilika. Serikali ya Marekani ilitoa kanuni mwaka 1996 za kupunguza moshi wa mashine za boti, Ulaya ikafuata, na mashine za mipigo minne zikachukua nafasi huko. Kwetu ile ya mipigo miwili imedumu, kwa kuwa ni nyepesi kubeba begani na inafunguka kwa spana chache. Jina la Evinrude lenyewe lilikoma mwaka 2020, kampuni iliyokuwa ikilimiliki ilipoacha kuunda mashine hizo. Yamaha, walioanza na mashine yao ya kwanza mwaka 1960, bado wanauza Enduro hapa pwani.

Duka sasa analishika binti wa Ami. Ndugu zake wa kiume wako karakanani pamoja naye, lakini wateja wakisema "Fundi" wanamkusudia yeye. Ana kompyuta anayoiunganisha na mashine za mipigo minne ikamsomea saa ilizofanya kazi na kasoro ilizoandika. Anawafundisha upya watu waliolelewa na vikombe vya mama yake: mashine hii ina oili yake, petroli usiichanganye na kitu. Hivi karibuni aliletewa mashine moja ya boti ya watalii, inajipunguza mwendo yenyewe baada ya robo saa. Kompyuta ikasema joto limezidi. Akafungua mguu, akakuta impela imebakiwa na mapezi matatu. Mwenye boti alikuwa na wageni wa Mnemba siku ya pili, akamwomba atie mpya afunge, mengine watayatazama baadaye. Badala yake Fundi akamwazima mashine ya dukani awapeleke wageni wake. Pezi la kwanza alilipata kwenye bomba la kupandishia maji, la pili nyuma ya thamostati. La tatu alilitafuta mpaka umeme ukakatika, akaanza tena baada ya alfajiri, na saa nne asubuhi akalitoa kwa waya wa breki ya baiskeli, limekatika vipande viwili, akaviunganisha juu ya gazeti kuhakikisha kwamba vimetimia.